TANGO: NGOMA ILIYODHARAULIWA KWAO, IKASIFIWA UGENINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Yachapishwa hapa kwa ajili ya wenzetu walio katika vituo vya mbali.)



Bwana Katibu aliponiomba nitoe hotuba juu ya jambo lolote la elimu, nilimjibu kwamba nitasema juu ya tango. Akanitazama kidogo, kisha akaniuliza tangu lini nimehamishiwa Idara ya Kilimo. Basi yafaa nieleze mapema kwamba tango ninayoikusudia si lile tunda la kachumbari. Ni muziki na dansi iliyozaliwa Amerika ya Kusini, katika miji miwili itazamanayo kuvuka maji mapana ya Rio de la Plata: Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, na Montevideo, mji mkuu wa Uruguay.

Jina hili si geni kwetu kabisa. Wazee wetu walioanzisha vyama vya dansi katika Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kabla ya vita vya mwaka wa 1939, ambao wengi wao walikuwa makarani na waalimu kama sisi, waliicheza tango pamoja na walzi na foksitroti. Lakini tango waliyofundishwa ilikuwa imekwisha kupita London, na huko ilikuwa imenyooshwa na waalimu wa Kiingereza mpaka ikawa na hatua za kuhesabu. Safari iliyosafiri kabla ya kufika London ndiyo nitakayoieleza leo. Nimeichagua kwa sababu ina fundisho kwetu sisi watu wa ofisi, ambao aghalabu hatukithamini kitu chetu mpaka mtu wa mbali atuambie kuwa ni chema.

Kwanza tuwajue watu. Mwaka wa 1778 serikali ya Hispania, ambayo ndiyo iliyotawala nchi ile, iliwahesabu wakazi wa Buenos Aires. Walipatikana watu 24,363, na katika hao 7,236 walikuwa watu weusi na machotara, yaani karibu watu watatu katika kila kumi. Wao, au wazazi wao, walikuwa wamechukuliwa utumwani kutoka Kongo, Angola na pwani ya magharibi ya Afrika. Na wengine walitoka upande wetu huu wa bahari, wakiwa wamepakiwa merikebuni huko Msumbiji. Huko ugenini walijikusanya kwa nchi walizotoka, wakafanya vyama. Palikuwa na chama cha Wakongo, cha Waangola, cha Wabenguela, na cha watu wa Msumbiji. Vyama hivyo vilikuwa na viongozi wao na nyumba za kukutania, na vilikusanya michango, ambayo sehemu yake ilikuwa ya kuwakomboa wenzao waliokuwa bado watumwa. Nataka mwanachama anayelalamikia ada ya kila mwezi alifikiri jambo hilo.

Siku za sikukuu vyama hivyo vilipiga ngoma, na ngoma yao kubwa iliitwa kandombe. Wenye mamlaka hawakuipenda sauti yake, na mara kwa mara walitoa amri za kuikataza. Katika maandishi ya wakati huo, mwanzoni mwa karne ya 19, tunalikuta neno tango likiwa na maana ya mahali ambapo watu weusi hukutana kucheza, au mchezo wao wenyewe. Wanavyuoni hawajapatana juu ya asili ya neno hilo, lakini wengi huona kuwa latoka katika lugha za Afrika. Juu ya neno jingine hawana shaka kubwa. Muziki uliotangulia tango, na ambao hata leo ni ndugu yake, huitwa milonga. Neno hilo wasema latoka katika Kimbundu, lugha ya Angola, ambamo milonga maana yake ni maneno. Mzaramo au Mluguru aliyemo humu, ambaye kwao kulonga ni kusema, hana haja ya kufasiriwa.

Utumwa ulikwisha polepole. Sheria ya mwaka wa 1813 iliwapa uhuru watoto waliozaliwa na mama watumwa, na Katiba ya mwaka wa 1853 ikaufuta utumwa wote, ijapokuwa mji wa Buenos Aires, uliokuwa umejitenga wakati ule, ulichelewa miaka kadhaa kuifuata. Walakini watu weusi wenyewe walizidi kupungua katika hesabu. Vita vilikula vijana wao. Homa ya manjano ya mwaka wa 1871 iliua maelfu ya watu mjini. Na wengi wenye damu iliyochanganyika waliandikwa kuwa weupe. Hesabu ya mwaka wa 1887 ilionyesha watu weusi 8,005 tu katika wakazi 433,375. Basi kumbukeni hesabu hizo mbili, ile ya 1778 na hii ya 1887, maana nitazirudia.

Pembezoni mwa mji walikaa vijana maskini, wengine watoto wa wachunga ng'ombe waliohamia mjini. Waliitwa kompadrito. Walijulikana kwa kofia iliyoinamishwa usoni, kitambaa cha shingoni, viatu vya visigino virefu, na kisu. Mwaka wa 1883 mwandishi mmoja, Ventura Lynch, aliandika kwamba milonga huchezwa na vijana hao, nao wameitunga kuwa dhihaka ya ngoma za watu weusi. Vijana walikwenda kutazama jinsi watu weusi wanavyocheza, jinsi wanavyosimama ghafula katikati ya mwendo, na jinsi wanavyovunja kiuno. Kisha wakarudi mitaani kwao kuwaiga ili wacheke. Lakini watu weusi walicheza mmoja mmoja, mwanamume na mwanamke wakiwa wameachana, na vijana hawa walizoea kucheza wakiwa wameshikana, kama katika walzi na polka za Ulaya. Wakautia mwendo ule ndani ya kumbatio. Kilichoanza kwa mzaha kikawapendeza, na mzaha ukasahauliwa.

Katika mchanganyiko huo uliingia pia mpigo wa habanera, muziki wa Kuba uliokuja kwa merikebu, nao una damu ya Afrika ndani yake. Halafu wakaja wageni wa Ulaya. Mwaka wa 1869 Buenos Aires ilikuwa na watu wapatao 180,000. Mwaka wa 1914 walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu, na karibu nusu yao walizaliwa nchi za nje, wengi wao Italia na Hispania. Walikuja kutafuta kazi bandarini, katika viwanda vya nyama na katika reli. Walipanga katika nyumba kubwa zilizogawanywa vyumba vidogo kuuzunguka ua, familia moja chumba kimoja, maji na choo vya shirika. Mtu aliyewahi kupanga chumba mjini hahitaji kuelezwa zaidi. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na wengi walikuwa wapweke. Kwa hiyo walijifunza kucheza wao kwa wao, mwanamume na mwanamume, ili siku atakapopata nafasi ya kucheza na mwanamke asijiaibishe.

Sitaficha mahali ilipochezwa. Ilichezwa katika vilabu vya ulevi, katika mabanda ya dansi, na katika nyumba za wanawake wa biashara. Katika nyumba za namna hiyo alifanya kazi mpiga piano mweusi, Rosendo Mendizábal. Mwaka wa 1897 alitunga tango iitwayo El entrerriano, ambayo ni katika tango za kwanza zilizopata kuchapishwa zikiwa na jina la mtungaji; na hata hapo jina lake hakuliweka lote, alitia "A. Rosendo" tu. Mtunzi mwingine wa siku hizo, Ángel Villoldo, alitunga El choclo, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka wa 1903. Maana ya jina hilo ni hindi bichi. Kwa hiyo naona Bwana Katibu hakukosea sana kuitaja Idara ya Kilimo.

Mwanzoni tango ilipigwa kwa filimbi, fidla na gitaa, nayo ilikuwa na mwendo wa haraka na wa furaha. Kilichougeuza moyo wake ni kinanda kimoja cha mkono kutoka Ujerumani, kiitwacho bandonioni kwa jina la Heinrich Band wa mji wa Krefeld, aliyekiuza katika miaka ya 1840. Hakina vibao kama vya piano, bali vifungo. Namna ipendwayo Argentina ina vifungo 71, na karibu kila kimoja hutoa sauti moja kinanda kinapofunguliwa na sauti nyingine kinapofungwa. Mpigaji huketi akakiweka magotini, akakivuta na kukibana kama mtu avutaye pumzi. Wapigaji walipoanza kukitumia katika tango, karibu na mwanzo wa karne ya 20, hawakuweza kukimbia kama filimbi ilivyokimbia. Muziki ukapungua kasi, ukawa mzito, ukaingiwa na huzuni. Hivyo chombo cha Ujerumani kilikuwa ndicho kilichoipa tango sauti ambayo leo dunia nzima huitambua kuwa ni ya Argentina.

Sasa nije kwa wakubwa wa mji. Wao waliichukia tango, au walisema wanaichukia. Watoto wao wa kiume, vijana wa matajiri wenye mashamba makubwa ya ng'ombe, waliicheza usiku katika mitaa ya maskini, na mchana wakaikana. Vijana hao walipokwenda Paris kustarehe waliichukua pamoja nao, na huko ikashika kama moto wa nyika. Kufika mwaka wa 1913 mji wa Paris ulikuwa umepagawa na tango: palikuwa na karamu za chai za tango, mavazi ya tango, hata rangi ya nguo iliyoitwa tango. London na New York zikafuata. Kaiser Wilhelm II, yuleyule ambaye bendera yake ilikuwa ikipepea Dar es Salaam wakati huo, aliwakataza maofisa wake mwaka huo wa 1913 kuicheza wakiwa wamevaa sare. Mwezi wa Januari, 1914, Kardinali Amette, Askofu Mkuu wa Paris, aliihukumu kuwa yaharibu tabia njema. Na balozi wa Argentina mjini Paris, mwandishi Enrique Larreta, aliona aibu kubwa, akawaeleza watu kwamba kwao tango ni mchezo wa nyumba mbaya na wa vilabu vya hali ya chini kabisa.

Lakini Paris ilikuwa imekwisha kuipiga muhuri. Wakubwa wa Buenos Aires, waliofuata Paris katika nguo, katika majengo na katika vitabu, wangewezaje kuikataa iliyopendwa na Paris? Milango iliyofungwa ikafunguliwa. Hatua zikapunguzwa ukali, viuno vikanyooshwa, na tango ikaingia sebuleni ikiwa imevaa suti. Mwaka huohuo wa 1913, Paris ilipokuwa ikicheza, Rosendo Mendizábal alifariki Buenos Aires, mgonjwa na maskini. Sina la kuongeza juu ya hilo, nawaachia mlitafakari.

Baada ya miguu, ikafuata sauti ya mwimbaji. Hapo mwanzo maneno ya tango yalikuwa ya majisifu na ya masihara. Mwaka wa 1917 Carlos Gardel aliimba na kutia katika sahani ya santuri wimbo uitwao Mi noche triste, yaani usiku wangu wa huzuni, wenye maneno ya Pascual Contursi na muziki wa Samuel Castriota. Ni maneno ya mwanamume aliyeachwa na mwanamke, akabaki peke yake chumbani. Tangu siku hiyo tango ikawa na hadithi ya kueleza: mapenzi yaliyovunjika, mama aliyezeeka, mtaa uliobadilika, rafiki asiyerudi. Gardel akajulikana katika nchi zote zinazosema Kihispania kwa sahani zake, kwa redio na kwa sinema, hata alipofariki katika ajali ya ndege mjini Medellín, Colombia, tarehe 24 Juni, 1935, akaombolezwa kama mfalme.

Nyimbo hizo zilitumia lugha ya mitaani ya Buenos Aires, iitwayo lunfardo, iliyochanganya Kihispania na maneno ya Kiitaliano na mengine yenye asili ya Afrika. Jambo hilo liliwakera wenye kupenda lugha safi. Serikali ya kijeshi iliyoshika madaraka mwaka wa 1943 iliibana lugha hiyo katika redio, na watunzi wakalazimika kubadili maneno ya nyimbo zilizokuwa zikiimbwa na kila mtu, wakaweka maneno ya darasani mahali pa maneno ya mtaani. Watu waliendelea kuimba yale ya zamani. Amri ya serikali yaweza kumnyamazisha mtangazaji. Kumnyamazisha mpishi jikoni si kazi rahisi.

Miaka ya 1935 hata 1955 huitwa enzi ya dhahabu ya tango. Julio de Caro alikuwa ameonyesha njia tangu 1924 kwa bendi yake ya watu sita: fidla mbili, bandonioni mbili, piano na besi. Mwaka wa 1935 Juan D'Arienzo aliurudisha mpigo mkali wa haraka, na vijana wakarudi kwa wingi katika kumbi za dansi. Wakafuata Carlos Di Sarli, Aníbal Troilo na Osvaldo Pugliese, kila mmoja na namna yake, hata mchezaji hodari aliweza kuitambua bendi kwa kusikia mipigo michache tu.

Juu ya Pugliese nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa habari yake yahusu chama. Bendi yake, aliyoianza mwaka wa 1939, iliendeshwa kwa ushirika. Mapato hayakuwa ya mkubwa peke yake, bali yaligawanywa kwa wote kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa mkomunisti, na kwa ajili hiyo alifungwa gerezani mara kadhaa. Wenzake hawakuivunja bendi. Walipanda jukwaani bila yeye, na juu ya piano yake waliweka ua moja jekundu ili wasikilizaji wajue ni nani asiyekuwapo na kwa sababu gani.

Wengine wataniuliza, Je, yachezwaje? Kinyume cha tuliyofundishwa na London, tango ya Buenos Aires haina orodha ya hatua za kukariri. Msingi wake ni kutembea. Wawili hukumbatiana kifua kwa kifua. Mmoja huongoza kwa mwili wake, mwingine husikiliza na kujibu, na hatua hutungwa papo hapo kwa kuufuata muziki. Wachezaji wote huuzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, na ni utovu wa adabu kumpita aliye mbele au kumgonga. Nyimbo hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne, kisha hupigwa kipande cha muziki mwingine ili watu waachane na kurudi vitini. Tena mwanamume hamwendei mwanamke na kumvuta mkono. Humtazama kutoka mbali. Mwanamke akikubali huyapokea macho yake, naye hutikisa kichwa kidogo. Asipokubali hutazama pengine, na hakuna aliyeaibishwa mbele za watu. Naona mila hiyo yawafaa wasimamizi wetu wa dansi waijue, maana ingeondoa ugomvi mwingi wa usiku wa Jumamosi.

Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1955 enzi hiyo ilififia. Bendi kubwa zilikosa kazi, na vijana waligeukia muziki wa roki kutoka Marekani. Hapo ndipo Paris inapoingia mara ya pili. Astor Piazzolla, mpiga bandonioni aliyezaliwa mwaka wa 1921 na aliyepata kupiga katika bendi ya Troilo, alikuwa ameona haya juu ya tango, akataka kuwa mtunzi wa muziki mkubwa wa Ulaya. Mwaka wa 1954 alikwenda Paris kujifunza kwa mwalimu mashuhuri Nadia Boulanger. Alimwonyesha kazi zake nyingi, akaficha kwamba kwao yeye ni mtu wa tango. Mwalimu alizisifu kazi zile, lakini akasema hamwoni Piazzolla mwenyewe ndani yake. Alipombana, akapiga tango yake moja katika piano. Na mwalimu akamwambia kwamba hapo ndipo alipo yeye mwenyewe, na asipaache kamwe. Piazzolla akarudi kwao akaanzisha tango mpya, ya kusikilizwa zaidi kuliko kuchezwa. Wazee wa tango walimkasirikia kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka wa 1992 muziki wake ulikuwa ukipigwa katika kumbi kubwa za dunia.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa Novemba, 1983. Argentina ilikuwa ikitoka katika utawala wa kijeshi wa miaka saba, na wacheza tango waliokuwa wamebaki wengi wao walikuwa watu wazima. Kundi lao lilipelekwa Paris katika onyesho lililoitwa Tango Argentino. Hawakuwa vijana wembamba wa jukwaani. Baadhi yao walikuwa wanene, wenye mvi, waliojifunza katika kumbi za mitaani. Paris ilishangilia, na mwaka wa 1985 New York ikashangilia vilevile. Habari zilipofika nyumbani, vijana wa Buenos Aires wakaanza kuwatafuta wazee wale wawafundishe yale ambayo baba zao waliyaacha. Tangu hapo tango imeenea tena ulimwenguni kote. Mwaka wa 2009, katika mkutano uliofanyika Abu Dhabi, UNESCO iliiandika tango katika urithi wa wanadamu wote, kwa ombi la Argentina na Uruguay pamoja. Na katika mkutano huohuo iliandikwa pia kandombe ya watu weusi wa Uruguay. Mzazi na mtoto wakaingia daftarini siku zilezile.

Mabwana na Mabibi, hapa nazirudia zile hesabu. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 mtu aliyesoma historia ya tango aliambiwa kwamba ni kazi ya Waitaliano na Wahispania, na kwamba watu weusi wa Argentina walikwisha zamani. Lakini Horacio Salgán, mmoja wa wapiga piano wakubwa kabisa wa tango, alikuwa mtu wa asili ya Afrika; alizaliwa mwaka wa 1916 akafariki mwaka wa 2016, umri wake miaka mia. Watu waliokuwapo waliitwa kuwa hawapo. Zaidi ya miaka mia ilipita baada ya 1887 bila serikali kuwauliza wananchi katika hesabu ya taifa kama wana asili ya Afrika. Ilipouliza mwaka wa 2010, watu 149,493 waliandikwa kuwa wa asili hiyo. Ilipouliza tena mwaka wa 2022, waliandikwa 302,936. Miaka kumi na miwili haizai watu wengi kiasi hicho. Kilichoongezeka ni watu waliokubali kusema, na karani aliyekubali kuandika.

Neno la karani ndilo lililonileta hapa. Ngoma ile ilipata hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba wenyewe walingoja Paris mara tatu iwaambie thamani ya walichokuwa nacho uani. Hasara hiyo ilirudishika, maana kila mara tango ilirudi nyumbani. Ya pili haikurudishika: majina ya waliotangulia. Waliopiga kandombe, waliovunja kiuno kwanza, waliotunga nyimbo kabla ya kuwapo mchapaji, wengi wao hatutawajua kamwe, kwa sababu katika mji ule wenye ofisi nyingi na makarani wengi hakuna aliyeona kuwa majina yao yastahili wino.

Mbele ya Halmashauri yetu kuna pendekezo kwamba katika sherehe ya mwaka ngoma za wazee ziondolewe, na ibaki bendi peke yake, kwa kuwa ngoma, yasemwa, hazipatani na hadhi ya watumishi. Mimi siipingi bendi, na miguu yangu ni shahidi. Tena historia niliyoieleza yaonyesha kwamba muziki hauharibiki kwa kuchanganyika. Tango yenyewe ina Afrika, Kuba, Italia, Hispania na Ujerumani ndani yake. Neno langu ni moja, nalo wazee wamekwisha kulisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kama hatuzitaki ngoma hizi leo, wajukuu wetu watakuja kuzitaka, labda baada ya kusifiwa na mgeni, na watatuuliza ni nani aliyezitunga.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa hoja mbili. Ya kwanza, ngoma zibaki katika sherehe, nazo zipewe saa ya mbele, si saa ya watu kuondoka. Ya pili, Chama kinunue daftari moja, na wanachama wawili wateuliwe kuandika jina la kila ngoma itakayopigwa, nchi itokayo, jina la mganga wa nyimbo, jina la mpigaji na la aliyemfundisha, yote kwa ukamilifu, si kwa herufi moja na kituo. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi wala elimu ya Paris. Yataka mwandiko mzuri, nao tunao.